Mtoto Aliyesema Miguu Imelala

Ndugu msomaji, katika miaka yangu ya kuwafundisha watu wanaokwenda kufundisha, nilizoea kutoa somo moja ambalo halikuwamo katika muhtasari. Nililitoa kila mwaka, siku chache kabla ya wanachuo kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Niliwasimulia habari ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyemchapa mtoto kwa uvivu, kumbe mtoto alikuwa mgonjwa. Wanachuo walisikitika. Wengine walimlaani mwalimu yule waziwazi, nami niliwaacha wamlaani. Kisha tuliendelea na maandalio ya somo na zana za kufundishia.

Mwalimu yule ni mimi. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na mkuu wa chuo haoni vizuri kusimama mbele ya vijana na kujitaja kuwa mfano wa ubaya. Sasa nimevuka miaka sabini. Nimestaafu, ninakaa hapa Kate, nalima mahindi na maharage kidogo, na sioni tena faida ya kumficha mtu huyo. Swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: mtu mzima anayesimamia watoto ana deni gani kwa mtoto ambaye ugonjwa wake hauonekani, haujulikani, na wenyewe ni nadra? Je, kutojua kunatosha kumwondolea lawama?

Nianze na yaliyotokea. Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya uwanda wa juu wa Ufipa. Ilikuwa ile miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote, na watoto walikuwa wamefurika madarasani. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya sabini. Ilikuwa pia miaka ya Elimu ya Kujitegemea, kwa hiyo shule ilikuwa na shamba, na watoto walilima, walibeba samadi na kuteka maji bondeni. Mimi nilikuwa kijana, na nilijivunia kwamba darasa langu halikuwa na wavivu.

Alikuwapo mvulana wa miaka kama kumi, mwembamba, mwenye akili ya hesabu. Siku moja tulipokuwa tukipanda kilima na ndoo za maji alikaa chini njiani. Nilipomuuliza sababu alisema, “Mwalimu, miguu imelala.” Lugha ya nyumbani kwao ni Kifipa, na Kiswahili chake kilikuwa cha darasani tu. Mtu mwingine angesema imekufa ganzi au imeishiwa nguvu. Yeye alitumia neno alilokuwa nalo. Watoto walicheka. Nami nilitabasamu, nikamwambia aiamshe.

Alipumzika kidogo, akainuka, akafika shuleni. Jioni ile ile nilimwona akicheza mpira wa matambara pamoja na wenzake. Hapo nikatoa hukumu moyoni mwangu. Mtoto ambaye miguu yake hulala wakati wa kazi na kuamka wakati wa mchezo, nilijiambia, hana ugonjwa ila hila. Juma lililofuata alikaa tena chini, na juma lililofuata tena. Mara ya tatu nilimchapa fimbo tatu mbele ya wenzake.

Baada ya siku chache alijikojolea darasani. Darasa zima lilicheka, nami nilimtoa nje akaoge kisimani, nikiamini kwamba aibu ingemfundisha kuomba ruhusa mapema. Hakurudi siku ile. Usiku mmoja katika mwezi ule aliamka akipiga kelele kwa maumivu ya mgongo, na kulipokucha miguu yote miwili haikusogea. Walimbeba kwa baiskeli hadi kwenye zahanati, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Kisha ndugu walimchukua kwa mganga, kwa kuwa wengi walisema ametupiwa kitu. Sumbawanga yenyewe, msomaji, watu husema maana yake ni kutupa uchawi. Huku kwetu ugonjwa usio na jina hupewa jina upesi. Mtoto hakutembea tena. Mama yake alihama naye kwenda kwa ndugu zake kando ya Ziwa Tanganyika, nami sikuaga wala sikuuliza.

Miaka kumi na sita ilipita. Mwaka 1994 nilikuwa mkufunzi, nikaenda Kirando kuwakagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Jioni nilitembea ufukweni. Kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya ngozi akitengeneza nyavu, miguu yake imekunjwa upande. Akaniita, “Shikamoo, Mwalimu.” Nilimjua kabla hajataja jina. Tulizungumza habari za mama yake, samaki na bei ya nyuzi. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za safari, “Mwalimu, wakati ule ulijua kwamba naumwa?”

Nikamjibu, “Hapana, sikujua.”

Akasema, “Lakini mimi nilikuambia.”

Hakuongeza neno. Alinifungia migebuka katika gazeti, akakataa fedha yangu, na mimi nikapanda kilima cha Kirando nikiwa na samaki mkononi na jibu lake kichwani. Tangu siku ile sijapata namna ya kulijibu.

Hapa ndipo ninapotaka tutofautishe mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayaita kwa jina moja. Kuna kutojua kwa mtu ambaye habari haijamfikia. Huyo hana hatia. Hata daktari bingwa ana mengi asiyoyajua. Na kuna kutojua kwa mtu ambaye habari imemfikia, ikasimama mbele yake na kusema kwa kinywa chake, naye akaifukuza kwa sababu ilikuja katika Kiswahili kibovu na kutoka kwa mtu mdogo. Kutojua kwangu kulikuwa kwa aina hii ya pili. Sikuhitaji kuijua tiba wala jina la ugonjwa. Nilihitaji tu kukubali kwamba mwenye miguu ndiye anayeijua kwanza. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimeupima mzigo wa mtoto kwa mabega yangu.

Sidai kwamba ninajua kwa hakika alichougua mtoto yule. Hakupimwa. Lakini miaka mingi baadaye nilielezwa juu ya ugonjwa ambao dalili zake zinafanana na zake hatua kwa hatua, na namna nilivyoelezwa inastahili kusimuliwa.

Mwaka 2016, nikiwa nimekwisha kustaafu, mwalimu mmoja wa kike aliyepata kuwa mwanachuo wangu alikuja nyumbani Jumamosi asubuhi. Baada ya kuamkia alisema, “Mwalimu, nimekuletea viatu.” Akatoa katika mkoba jozi ya viatu vya shule vya mtoto. Cha kushoto kilikuwa kizima. Cha kulia kilikuwa kimelika kabisa kwenye ncha, kama kwamba mtu alikuwa akikikwaruza juu ya jiwe kila siku. Viatu hivyo vilikuwa vya msichana wa miaka tisa wa darasani kwake. Mwalimu alikuwa ameona kwamba mtoto anaburuza ncha ya mguu, kwamba anajishika ukutani akitoka kwenda chooni, na kwamba siku nyingine hafiki chooni. Kuna majuma alikuwa mzima kabisa, kisha hali inarudi. Mama alipoulizwa akasema kwamba mtoto hulia usiku akishika mgongo. “Nilimkumbuka yule mwalimu wako,” akaniambia yule mama. Sikumwambia wakati ule yule mwalimu ni nani.

Baba wa mtoto aliuza ng'ombe na magunia ya mahindi. Tulikwenda Sumbawanga, kisha Mbeya, ambayo ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga, na mwisho Dar es Salaam, ambako nilifuatana nao kwa kuwa nina ndugu huko. Mtoto alilazwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Daktari kijana akatuketisha, akachukua karatasi na kutuchorea. Nitajaribu kukupa, msomaji, kile alichotupa.

Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe wa neva, laini, si mnene kuliko kidole kidogo cha mtu mzima. Kwa ugwe huo ubongo huiamuru miguu itembee, na kwa ugwe huo miguu hupeleka habari ya maumivu, joto na baridi. Ugwe nao hula, na chakula chake ni damu. Hupata damu kwa mishipa mitatu myembamba inayoshuka kwa urefu: mmoja mbele, miwili nyuma, ikisaidiwa na mingine inayoingia kati ya pingili. Ule mmoja wa mbele hulisha sehemu kubwa ya ugwe. Kwa hiyo njia ni chache, na ajali ndogo katika njia hizo huleta msiba mkubwa.

Kwa kawaida damu inayotoka moyoni kwa nguvu hupita kwanza katika mishipa midogo mno, kama nywele, inayoituliza na kuigawa, ndipo huingia katika mishipa inayoirudisha moyoni. Watoto wachache huzaliwa na kasoro: mahali fulani mishipa hiyo midogo haipo, na damu yenye nguvu huruka moja kwa moja kuingia katika mishipa ya kurudi, ambayo haikuumbwa kwa nguvu hiyo. Mishipa hiyo huvimba na kujisokota kama mizizi. Fikiria mfereji wa bustani za bondeni uliobomoka ukingo: maji ni mengi, yanakwenda kwa kasi, lakini mimea ya chini inakauka kwa kuwa maji yamepita njia ya mkato. Hivyo ndivyo ugwe unavyoweza kukosa damu hali damu iko tele kando yake. Mishipa iliyovimba huweza pia kuukandamiza ugwe. Na siku nyingine hupasuka, damu ikavuja, na hapo mtoto hupata maumivu makali ya ghafla ya mgongo au shingo na kupooza ndani ya saa chache.

Ziko kasoro nyingine za mishipa ya ugwe, na ziko sababu nyingine za ugwe kukosa damu. Hata selimundu, ambayo nchi yetu ina watoto wengi wanaozaliwa nayo, mara chache huweza kuziba mshipa wa huko. Dalili zake hazipishani sana: mguu unaochoka au kuburuzwa, ganzi inayoanzia kwenye mstari fulani wa mwili na kushuka chini, maumivu ya mgongo yanayomwamsha mtoto usiku, mkojo na choo visivyozuilika au visivyotoka, mgongo unaoanza kupinda. Mara nyingine hata ngozi hutoa ushahidi. Mwaka 1915 daktari wa Marekani, Stanley Cobb, aliandika habari za mvulana wa miaka minane aliyepooza, ambaye alikuwa na alama za mishipa ya damu juu ya ngozi ya mgongo, katika eneo lile lile linalohusiana na sehemu ya ugwe iliyokuwa na kasoro. Ishara ilikuwa imeandikwa nje kwa yeyote ambaye angemvua mtoto shati na kutazama.

Lakini neno la yule daktari wa Dar es Salaam lililonikata ini lilikuwa jingine. Alisema kwamba kwa watoto wengine dalili huja na kuondoka. Mtoto hudhoofika akitembea sana au akibeba kitu, akipumzika anapata nguvu. Huwa mzima kwa majuma, kisha huanguka ngazi moja chini, akainuka nusu, akaanguka tena. Baba wa mtoto alitikisa kichwa tu. Mimi nilikuwa juu ya kilima kile cha mwaka 1978. Ule mpira wa matambara wa jioni, ambao niliutumia kama ushahidi wa hila, ulikuwa ushahidi wa ugonjwa. Ugonjwa huu humfanya mtoto mkweli afanane na mwongo. Na mtu aliyekwisha kuamua kwamba anatafuta waongo hatapata kitu kingine.

Najua pingamizi utakazoleta, kwa maana mimi mwenyewe nimezileta mara nyingi usiku. Ya kwanza ni kwamba watoto hudanganya. Ni kweli. Nimefundisha, najua tumbo linalouma siku ya mtihani tu. Mwalimu akimwamini kila mmoja, nani atateka maji? Jibu langu ni kwamba tupime hasara mbili. Nikimwamini mtoto mwongo, nimepoteza ndoo moja ya maji, na kesho nitamgundua. Nisipomwamini mtoto mkweli, nimepoteza muda ambao miguu yake ilikuwa nao. Hasara hizi mbili haziwezi kuwekwa katika mizani moja. Aidha, kumwamini mtoto si kumwachia kila kitu. Ni kumwambia, “Haya, simama, tembea mpaka mlangoni nikuone, nyanyua mguu huu, funga macho uniambie ninakugusa wapi.” Ni kazi ya dakika tano. Fimbo tatu zilichukua muda karibu na huo, ukihesabu na maneno yangu.

Ya pili ni nzito zaidi. Watu husema: ugonjwa huu ni nadra sana, wapo watoto wanaokufa kwa malaria na kuharisha, je, ni haki kuwataka walimu na matabibu wa vijijini wauwaze ugonjwa ambao huenda wasiuone maisha yao yote? Ningekubali kama ingekuwa lazima mwalimu aujue ugonjwa huu kwa jina. Lakini angalia: mguu unaolegea, maumivu ya mgongo usiku na mkojo usiozuilika ni dalili pia za kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu si nadra na kina dawa. Ni dalili za kichocho kilichoingia katika ugwe, nacho kina dawa. Huweza kuwa dalili za uvimbe. Anayemsikiliza mtoto kwa ajili ya ugonjwa wa nadra anawapata na wengi wenye ugonjwa wa kawaida. Hakuna mtoto anayeibiwa kitu kwa sababu mwenzake ametazamwa vizuri.

Nchi yetu imepata kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Huko Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu, wakiwamo watoto, walikakamaa miguu ghafla. Waliochunguza walikuta kwamba ni konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu ya mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, na walifika hapo kwa kuwauliza watu walikuwa wakila nini na kuamini walichojibiwa. Hapa kwetu Rukwa tuna mfano wa karibu zaidi. Kwa ajili ya kuikomesha polio ipo kanuni kwamba mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafla atolewe taarifa, na choo chake kipimwe, sampuli mbili, ndani ya siku 14. Kanuni haiulizi kama mtoto ni mvivu. Polio ya asili ilionekana nchini mara ya mwisho mwaka 1996. Lakini mwaka 2023 katika mkoa wetu huu aligundulika mtoto mwenye polio ya virusi vilivyotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika kwa kuzunguka pasipo chanjo ya kutosha. Mtoto mmoja alipotambuliwa, watoto wa mikoa sita walifuatwa nyumbani kwao kuchanjwa. Hayo ndiyo matunda ya kumchukulia mtoto mmoja kwa uzito.

Hata hivyo wavu ule ulifumwa kwa samaki mmoja. Majibu yakirudi kwamba si polio, hesabu ya serikali imekamilika, lakini ya mtoto bado. Nawasihi matabibu wetu vijana, ambao wana kazi nyingi na mishahara midogo, kwamba neno “si polio” liwe mwanzo wa swali lingine. Mtoto amelegea, kama si hiki, ni nini?

Pingamizi ya tatu ndiyo ya watu maskini, na naiheshimu kuliko zote. Baba anasema, “Mwalimu, hata mkiutambua, tutafanya nini? Dar es Salaam ni mbali, na ng'ombe ni mmoja.” Sitamdanganya mtu kwamba kutambua ni kupona. Yule msichana wa mwaka 2016 alipasuliwa, na leo, akiwa amemaliza kidato cha nne, bado anachechemea mguu wa kulia. Madaktari walisema kwamba tungechelewa zaidi, damu ingeweza kuvuja na kumlaza kabisa. Tulipata sehemu, hatukupata yote. Lakini hata pale ambapo hapana upasuaji, kutambua kuna kazi. Kunazuia mgongo usikandwe na kuvutwa ovyo. Kunawafundisha wazazi kumgeuza mtoto aliyepooza ili asiote vidonda, na kuhudumia kibofu chake ili figo zisiharibike. Na kunaondoa lawama. Mtoto aliyetambuliwa haitwi mvivu shuleni wala bibi yake haitwi mchawi kijijini. Kwa nchi yetu hii ya Ufipa, hilo la mwisho tu limeokoa zaidi ya mtu mmoja.

Mtu atasema kwamba bila mashine mwalimu na tabibu wa kijijini hawana wanachoweza. Huko Karema, kando ya ziwa letu, alipata kuishi Adrien Atiman, Mwafrika wa Magharibi aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, yaani miaka sita baada ya Atiman kuanza kazi. Mtu huyo alianza kutibu katika ulimwengu ambao hapakuwa na mashine yoyote ya kuona ndani ya mwili, iwe Karema au Ulaya. Alikuwa na macho, mikono na masikio, na wagonjwa walikuwa na maneno yao. Mashine zimekuja, na ni baraka kubwa. Bila ile ya Dar es Salaam tusingejua. Lakini mashine haikumwona msichana yule kwanza. Aliyemwona kwanza ni mwalimu aliyetazama kiatu.

Basi narudi kwenye swali la mwanzo. Naamini kwamba deni letu kwa mtoto si kujua kila ugonjwa. Deni hilo hakuna anayeweza kulilipa. Deni letu ni kuyapokea maneno yake kama habari mpaka tumechunguza, na kulitimiza jambo hilo kabla ya kumhukumu. Mtoto akisema miguu imelala, mwalimu hana haki ya kulisahihisha neno hilo. Aulize imelala lini, mpaka wapi, na inaamka vipi. Kama ningeuliza maswali hayo matatu juu ya kilima kile, huenda mtoto yule asingepona. Lakini angeugua akiwa na mtu mzima mmoja upande wake.

Nilipomaliza kuandika insha hii sikutaka kuichapa kabla mwenyewe hajaisikia. Nilishuka Kirando kwa gari la abiria. Yupo bado, ana mvi sasa, ana baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono, na ana vijana wawili anaowafundisha kufuma nyavu. Nilimsomea yote chini ya mwembe. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimeandika kwamba nilimchapa fimbo mbili, kwa maana ndivyo nilivyokumbuka na ndivyo nilivyowasimulia wanachuo miaka yote. Akasema, “Hapana, Mwalimu. Zilikuwa tatu.”

Nimesahihisha.